Kioo cha Kushoto

Gari la Emmett Garrity liliposimama nje, Ardis Kolb alikuwa ameshapita vyumba vyote na kila alichokigusa kilikuwa mahali pake. Milango ya kioo iliteleza kwa kidole kimoja. Sakafu ya terazo haikuwa na mkwaruzo. Paa lilikunjuka juu ya nguzo nyembamba za chuma kama kipepeo aliyetua na bado hajaamua kufunga mbawa. Katika nyumba nzima kulikuwa na kosa moja tu, na Ardis alilijua tangu Juni.

Oktoba hiyo Palm Springs ilikuwa inaamka. Wenye nyumba za msimu walikuwa wanarudi kutoka kwenye ubaridi wao, mabwawa yanajazwa upya, mapazia yanafunguliwa. Wasanifu majengo wa mji ule walijenga wakati wa joto kali, watu wakiwa hawapo, na wakakabidhi wakati wa hewa nzuri. Ardis alikuwa amekabidhi nyumba nyingi namna hiyo kwa niaba ya ofisi ya usanifu ya Bwana Wahl, na hakuna hata moja iliyowahi kumnyima usingizi.

Alikuwa mwanamke mrefu, wa miaka thelathini na sita, mkimya, mwenye mikono mikubwa iliyotulia. Misimu miwili iliyopita mikono hiyo ilikuwa imeshikwa na Emmett Garrity mbele ya watu, katika mkahawa, mchana kweupe, na watu wakasema hao wataoana. Emmett alikuwa mtoto wa pekee wa wenye mashamba ya tende kule Indio. Wagarrity walikuwa Wakatoliki wa kusali kweli, na Ardis alikuwa ameachana na mume mahakamani, mume ambaye bado yu hai. Mama yake Emmett alimwita mezani, akamkaribisha chai, akamweleza kwamba kwa kanisa lao yeye ni mke wa mtu. Emmett alikuwa amekaa palepale. Alikuwa akikoroga chai ambayo hakuitia sukari.

Baada ya mwaka Emmett alikuja ofisini kwa Bwana Wahl na mchumba, Trudy Osgood, akataka ajengewe nyumba, na akataka achorewe na Ardis, si mwingine. Bwana Wahl alimwuliza Ardis kama anaweza. Alijibu kwamba nyumba ni nyumba. Kwa miezi kadhaa jibu hilo lilikuwa kweli.

Halafu ikaja Juni. Bwana Wahl alikuwa na sharti moja ambalo hakumsamehe mtu kulivunja: usawa wa macho hauchorwi mezani. Kama ni kioo cha kujitazamia au dirisha la kuchungulia, mwenye nyumba alitakiwa aje asimame pekupeku, visigino na mgongo vikigusa plasta, na msanifu aliye mbele yake apige mstari wa penseli ukutani usawa wa macho yake. Bafu la chumba kikubwa lilikuwa na vioo viwili vyembamba vya kuzamishwa ndani ya vigae, cha kulia cha mume na cha kushoto cha mke. Siku ya kupimwa Trudy alikuwa Los Angeles kwa fundi wa gauni lake la harusi. Emmett alikuja peke yake. Alisimama, Ardis akampigia mstari wake.

"Sasa wa kushoto," alisema Emmett.

"Urefu wake ninao. Nitaupima kwa tepu, akirudi atahakikisha."

Emmett alitazama mlangoni. Kisha akaichukua penseli mkononi mwa Ardis, taratibu, kama mtu anayemvua mwenzake pete.

"Simama," alisema.

Ardis alisimama. Plasta ilikuwa na joto la mchana mgongoni mwake. Emmett aliweka kiganja ukutani karibu na sikio lake, akamtazama machoni kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, akapiga mstari. Alimrudishia penseli katika mfuko wa shati na akaondoka.

Ule mstari ungefutika kwa kidole kilicholowa. Ardis alijiambia ataufuta Jumatatu. Fundi vigae alikuja Alhamisi, akakuta mistari miwili ukutani, akafanya kazi yake kama alivyoikuta. Tangu hapo Ardis alijua kwamba siku ya makabidhiano watu watasimama mbele ya kioo kile na kuuliza. Hakujidanganya kuhusu kwa nini alikiacha. Alitaka Emmett aulizwe mbele ya mama yake, na ajibu. Harusi ilikuwa bado wiki mbili.

"Mlango uko wapi?" Sauti ya Bi. Garrity ilimfikia kupitia ukuta wa matofali ya matundu. "Mimi naona banda la kuku tu."

"Uko nyuma ya huo ukuta, mama."

"Mlango unafichwa kwa nini? Tunamkimbia nani?"

Waliingia. Bi. Garrity alikuwa amevaa kofia na glavu kama anayekwenda misa, amebeba boksi la tende kwa mkono mmoja na kwa mwingine kitu kirefu kilichofungwa kwa taulo. Trudy alikuwa ameshavua viatu. Alikuwa mdogo wa mwili, mwenye utepe wa kijani kichwani na uso usiojua kuficha kitu. Alikimbia hatua chache, akateleza kwa soksi juu ya terazo mpaka katikati ya sebule.

"Emmett, njoo uone. Naweza kwenda jikoni bila kutembea."

"Utavunjika mguu kabla ya harusi," alisema Bi. Garrity.

"Nitaolewa nimekaa, mama. Padri hatajali."

Emmett alicheka. Macho yake yalimpita Trudy, yakakutana na ya Ardis, yakashuka sakafuni. Alikuwa amepungua. Kola ya shati lake ilikuwa inamzidi shingo.

"Habari za mchana, Bi. Kolb," alisema.

"Nzuri, Bwana Garrity. Karibuni nyumbani kwenu."

Bi. Garrity alizunguka sebuleni polepole. Upande mmoja kioo, wa pili kioo, wa tatu kioo, na nje bwawa, changarawe, madungusi ya miiba yaliyosimama kama askari wenye usingizi, na nyuma ya yote mlima. Alifungua taulo. Ndani mlikuwa na msalaba wa mbao nyeusi.

"Huu ulikuwa wa mama mkwe wangu," alisema. "Sasa niambie, Bi. Kolb, wewe uliyesoma. Nyumba yote vioo. Msalaba nitautundika wapi? Juani?"

"Ukuta wa mawe, karibu na meko," alisema Ardis. "Nimekuachia nafasi kati ya jiwe na jiwe. Msumari utaingia bila kupasua kitu."

Bi. Garrity alikwenda kutazama. Nafasi ilikuwepo, na jua la mchana lilikuwa linaigusa. Alirudi hana la kulalamikia, na hilo halikumfurahisha.

Jikoni Trudy aliweka viganja juu ya meza ya kukatia, akapanda kabati kwa macho, akanyoosha mkono na kufikia rafu ya juu kabisa. Aligeuka, macho yamemjaa.

"Hii ni mara ya kwanza maishani siombi kigoda," alisema. "Nyumbani kwetu kaka zangu walikuwa wanaweka biskuti juu makusudi. Dada Ardis, wewe umenifikiria kuliko mama yangu mzazi."

"Ni vipimo tu, Bi. Trudy."

"Vipimo tu! Huyu naye, hasifiki."

Ardis angeweza kusema wakati ule ule, jikoni, kwa sauti ya kawaida, kwamba bafuni kuna kosa na litarekebishwa. Makosa hutokea. Hakusema. Alifungua mlango wa chumba kikubwa akawaacha watangulie.

Bafu lilikuwa na vigae vidogo vya rangi ya maji ya bwawa kutoka sakafuni mpaka darini, masinki mawili, vioo viwili, na kati ya vioo ufa mwembamba wa dirisha ulioonyesha kilele cha mlima na si kitu kingine. Lilikuwa chumba kizuri kuliko vyote alivyowahi kuchora, na alikichukia.

Trudy alisimama mbele ya kioo cha kushoto.

"Naona utepe wangu," alisema.

Alisimama kwa ncha za vidole. Akaruka mara moja, akacheka.

"Na sasa nimeona nyusi. Dada Ardis, jikoni ulinipima mimi, hapa ulimpima nani? Twiga?"

Hakuna aliyecheka naye. Aliendelea kutabasamu kidogo, akitazama huku na huku, kama mtu aliyesimulia kichekesho msibani.

"Ni kosa," alisema Ardis. "Nisamehe."

"Si kitu. Kioo tu. Emmett, chako je?"

Emmett alikuwa akichunguza bomba la sinki kama fundi.

"Chake kiko sawa," alisema Bi. Garrity. Alikuwa amesimama mlangoni, anavua glavu kidole kimoja kimoja. "Mtu wa vipimo amekosea kimoja na kupatia kingine, kwenye ukuta uleule. Bi. Kolb, hebu simama hapo."

"Mama," alisema Emmett.

"Sijasema nawe. Nawe simama kwenye chako."

Wangeweza kukataa. Ardis alilifikiria hilo baadaye: kwamba hakuna aliyewashika mikono. Lakini alisogea, Emmett naye akasogea, wakasimama kila mmoja mbele ya kioo chake.

Uso wa Ardis ulikaa katikati ya kioo barabara, macho kwenye mstari. Uso wa Emmett ulikaa katikati ya chake. Walikuwa sawasawa, bega kwa bega, na mlima kati yao, kama picha ya harusi iliyochanwa ikawekwa kwenye fremu mbili. Trudy aliwaona wote wawili kwa pamoja. Ardis aliuona uso wa Trudy kwa nyuma, mdogo, chini ya bega lake, ukiacha kutabasamu polepole.

"Ndiyo hivyo," alisema Bi. Garrity. Sauti yake haikupanda. "Nilimwambia mwanangu asikupe kazi hii. Akasema wewe huna mambo, ni mtu wa kazi. Nikamwamini, na wewe nikakuamini. Bi. Kolb, mume wako yuko hai. Nilikwambia nyumbani kwangu, na sikukwambia kwa chuki. Sikuiandika mimi sheria ya ndoa. Leo unajichora ndani ya nyumba ya mwanangu, mahali ambapo mke wake ataosha uso kila asubuhi?"

Ardis alikuwa akimtazama Emmett ndani ya kioo, na Emmett alikuwa akimtazama yeye. Huu ndio ulikuwa wakati wenyewe. Swali lilikuwa limeulizwa, mama yupo, mchumba yupo, na jibu lilikuwa fupi mno: nilichora mimi. Aliona midomo ya Emmett ikifunguka.

"Kinaweza kushushwa?" aliuliza Emmett.

Nje, pampu ya bwawa ilikuwa ikinguruma, na Ardis aliisikiliza mpaka alipokuwa na hakika na sauti yake mwenyewe.

"Kinaweza," alisema. "Kimezamishwa ndani ya vigae, kwa hiyo tutabomoa vya chini na kuziba pengo la juu. Lakini vigae hivi vilichomwa pamoja, tanuri moja. Vya tanuri lingine vitakuwa na jina lile lile la rangi, rangi yenyewe haitalingana. Kiraka kitaonekana."

"Kwa muda gani?" Hiyo ilikuwa sauti ya Trudy, ndogo.

"Muda wote."

"Au?"

"Au ubomolewe ukuta mzima, uwekwe vigae vipya."

Trudy aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Aliinama kuokota viatu ambavyo havikuwepo, akakumbuka ameviacha sebuleni, akatoka bila kumgusa mtu.

*

Emmett alimkuta Ardis chini ya kibanda cha gari, ameegemea nguzo, anajaribu kufunga mkoba wake wa ngozi ambao siku zote ulifungika.

"Ningesema," alisema.

"Nafasi ulipewa."

"Mama alikuwa pale, Ardis."

"Mama yako hakosekani. Hata Juni alikuwepo kichwani mwako. Ulitazama mlangoni kabla ya kushika penseli."

Alisogea karibu, halafu akasimama, kwa kuwa nyumba ile ilionekana ndani na nje kwa kila upande. Ardis ndiye aliyeichora hivyo.

"Kwa nini hukuufuta?" aliuliza Emmett.

"Kwa nini uliupiga?"

Emmett alitazama mikono yake. "Nilitaka pawepo mahali pamoja humu ndani..." Hakumaliza.

"Maliza."

"Unajua."

"Sijui. Najua nilichosikia bafuni."

"Usinifanyie hivyo. Usiwe kama karatasi zako." Alishusha pumzi. "Silali. Nakwenda shambani kabla hakujapambazuka, natembea kati ya mitende kama mwizi, wafanyakazi wananionea huruma. Trudy ananisomea majina ya wageni wa harusi na mimi nasikia jina moja tu, na halimo. Unafikiri ni rahisi?"

"Sijasema ni rahisi."

"Basi niambie niseme. Neno moja tu. Niambie, naingia sasa hivi, namwambia Trudy, namwambia mama, namwambia na padri. Niambie, Ardis."

Alikuwa akimaanisha. Hilo ndilo lililomwuma Ardis zaidi. Alikuwa na macho ya mtu aliye tayari kuruka. Ardis alikuwa ameyasubiri maneno hayo misimu miwili, na yalipofika yalikuwa yamegeuzwa. Emmett alikuwa akimwomba yeye ashike penseli.

"Hapana," alisema.

"Kwa nini?"

"Nikikutuma, utakwenda. Utasema yote, na utayasema vizuri. Halafu siku moja mama yako ataugua, au Pasaka itafika na wewe huruhusiwi kukomunika, na utakumbuka kwamba ni mimi niliyekutuma. Sitaki mwanamume wa kutumwa, Emmett."

"Nakupenda."

"Najua. Nimekuona kwenye kioo."

Alifumba macho. Ardis aliitazama ile sura ambayo aliijua kuliko ramani yoyote, mkunjo wa kando ya mdomo, kovu la utotoni kidevuni, na akatamani kuweka kiganja hapo mara moja ya mwisho. Aliubana mkoba kwa mikono yote miwili.

"Na hata ungesema," aliendelea, kwa sauti ya chini zaidi, "padri angekujibu lile lile. Harlan, yule mume niliyeachana naye, ana miaka arobaini. Anapanda milima kila Jumapili. Nilimsikia mtu akisema hajapata hata mafua."

Kicheko kilimtoka Emmett bila ruhusa, kibaya, kilichovunjika katikati.

"Tufanyeje, basi?"

"Uoe. Yule binti hana kosa. Aliporuka pale kwenye kioo hakumcheka mtu, alijicheka mwenyewe. Kuna wanawake wachache wa namna hiyo."

"Emmett!" Bi. Garrity alikuwa amesimama sebuleni, nyuma ya kioo, na sauti yake iliwafikia nyembamba kama inatoka ndani ya maji. "Mwanangu, njoo unishikie msumari."

Alikwenda. Aligeuka mara moja, mlangoni, kisha akakumbuka kwamba ataonekana.

*

Trudy alikuwa bafuni, pekupeku, ameketi ukingoni mwa beseni la kuogea. Alikuwa ameosha uso. Utepe wa kijani ulikuwa mkononi, ameuzungusha kwenye vidole.

"Nipime," alisema.

"Fundi akija nitakuita, Bi. Trudy. Si lazima leo."

"Leo. Wiki ile nilikuwa Los Angeles nasifiwa kiuno. Kumbe nilitakiwa niwe hapa."

Alisimama kando ya kioo cha kushoto, akageuka, akaweka visigino na mgongo kwenye vigae. Ardis alitoa penseli ya nta, ile inayoshika juu ya kigae.

"Tazama mbele. Usiinue kidevu."

Walikuwa karibu sana. Macho ya Trudy yalikuwa mekundu pembeni na hayakukwepa. Ardis alipiga mstari. Trudy alisogea, akageuka kuutazama, kisha akaweka kidole gumba kwenye mstari na kunyoosha kidole cha mwisho kuelekea katikati ya kioo.

"Shibiri moja," alisema. "Shibiri moja tu."

Kutoka sebuleni nyundo iligonga, ikanyamaza, ikagonga tena. Kupitia chumba kikubwa na kuta zake za kioo waliweza kuwaona. Bi. Garrity ameshika nyundo, Emmett ameshika msumari, shingo imeinama.

"Dada Ardis. Watu wanasema wewe huwezi kusema uongo hata kuhusu hali ya hewa."

"Watu wanasema mengi."

"Nani alipiga ule mstari wa kwanza?"

Ardis alilipima swali kama alivyopima kila kitu, uzito uko wapi na nini kimeushikilia. Akisema kweli, harusi itaanguka. Ikianguka, Emmett hatakuwa wake, kwa sababu kanisa litabaki pale pale, na mama, na yule mtu aliyesimama mbele ya kioo akauliza kama kinaweza kushushwa. Chini ya ukweli ule hapakuwa na nguzo hata moja. Ungewaangukia watu watatu, na kwa sasa ulikuwa umemwangukia mmoja.

"Mimi," alisema.

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Nilikuwa peke yangu."

Trudy alimtazama. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua ile penseli ya nta vidoleni mwake, akarudi ukutani. Aliweka visigino. Aliweka mgongo. Alitazama mbele, kidevu chini, kama alivyoagizwa, akainua penseli kando ya kichwa chake mwenyewe akijaribu kupata usawa wa macho bila kugeuka. Mkono ulijikunja vibaya. Mstari ulitoka umepinda, juu ya nywele, mbali na pale ulipotakiwa.

Aligeuka akautazama. Alijaribu tena, polepole zaidi, na wa pili ukawa mbaya kuliko wa kwanza.

Hakuna mtu awezaye kujipima hivyo peke yake. Lazima awepo wa pili, mbele yake, karibu, amtazame machoni.

Ardis hakusogea. Nyundo ilikuwa imenyamaza. Bi. Garrity alisikika akisema kwamba sasa angalau nyumba ina kitu cha kutazama.

Trudy alilowesha kidole gumba mdomoni. Aliufuta mstari wake wa kwanza uliopinda, akaufuta wa pili, akasugua mpaka kigae kikarudi safi, akaacha ule aliopigiwa na Ardis. Alichukua muda kurudisha utepe kichwani na kuufunga, na alifanya hivyo bila kioo.

"Asante," alisema. "Umejibu vizuri."

"Bi. Trudy..."

"Nitaolewa wiki mbili zijazo. Mama ameshatundika msalaba wake." Alimpa penseli, akamshika mkono pamoja nayo, akaushikilia kidogo. Mkono wake ulikuwa wa baridi. "Ukuta mzima, dada Ardis. Bomoeni wote. Na rangi nitachagua mimi."

"Unataka rangi gani?"

"Yoyote ambayo si hii."

Alivaa soksi zake, akatoka. Ardis alisikia soksi zikiteleza juu ya terazo, mara moja, ndefu, mpaka sebuleni, na Emmett akimwuliza kama yuko sawa, na Trudy akijibu kwamba yuko sawa, na je, wamekula tende zote?

Kivuli cha mlima kilikuwa kimeanza kushuka. Katika mji ule jua lilizama mapema nyuma ya mwamba na kuacha mbingu nyeupe juu ya nyumba zilizokwisha poa. Ardis alikuwa amekihesabia kivuli hicho alipoliweka lile dirisha jembamba, kwamba mchana wa Oktoba kitapita kati ya vioo viwili na kugusa sinki la kushoto kwanza. Kiligusa la kushoto kwanza.

Aliifuta penseli ya nta, akairudisha mfukoni. Ili kutoka alilazimika kupita mbele ya kioo. Alipita akitazama mlango, kwa kuwa alijua kilichokuwemo na kwa usawa gani.